Mgeni wa Mistari Elfu

Kila televisheni hupiga mluzi. Walio wengi waliusikia utotoni wakausahau, lakini fundi hawezi kuukosa: ni sauti nyembamba kuliko ya mbu, inayoanza pale tu kioo kinapopata moto. Mbaruku, fundi wa deki na televisheni pale Mirongo, aliweza kupita uchochoroni akakwambia nyumba ipi inatazama na ipi imezima. Kwa hiyo siku alipowasha televisheni ya Kijapani aliyoletewa na Chenge, kioo kikapata mwanga bila mluzi kufuata, alisimama na bisibisi mkononi akitega sikio. Akazima. Akawasha tena. Mwanga upo, mluzi hakuna.

"Usiniambie ni mbovu," Chenge alisema kutoka mlangoni.

"Siyo mbovu. Imenyamaza."

"Sasa si ndiyo uzuri wake? Televisheni ikupigie mluzi, wewe mwali?"

Chenge alikuwa mmoja wa walioneemeka na ruksa. Milango ya nchi ilipofunguliwa, kila meli iliyotia nanga Dar es Salaam ilishusha vitu ambavyo wenzetu walikuwa wamevichoka, na vingine vikapanda treni hadi Mwanza: majokofu, pasi, redio, mashine ambazo hata aliyezinunua hakujua zinafanya nini. Mzigo huu ulikuwa umewekwa kwenye ghala la ufukweni mwaka wa mvua za El Nino, ziwa likapanda likaingia ghalani, na Chenge akauza kilichobaki kwa bei ya kutupa. Televisheni pana, nzito kama ng'ombe aliyelala. Deki yake, ambayo haili mkanda bali sahani. Na ndani ya deki sahani moja, kubwa kama santuri, inayong'aa pande zote mbili, haina jina wala maandishi.

Mbaruku hakuichukua kwa biashara. Mwanza nzima hakuna ambaye angenunua kitu kama kile. Aliichukua kwa sababu ya mistari.

Picha ya televisheni ni mkeka. Imesukwa kwa mistari inayolala, mmoja juu ya mwingine, na kadiri mistari inavyokuwa mingi na myembamba ndivyo picha inavyokaa vizuri. Mkanda wa kawaida wa video hubeba mistari mia mbili na arobaini. Ni mkeka wa jikoni. Hizi sahani ndogo zilizoanza kuingia mjini, ambazo vijana walizishangilia, hazikuuzidi mkanda kwa kitu cha kutaja. Sahani kubwa za kawaida zilifika mia nne na kidogo. Lakini mashine hii, kitabu chake chenye picha za michoro kilionyesha wazi, ilisuka mistari elfu moja mia moja ishirini na mitano. Mbaruku aliisoma ile namba, akairudia, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe afariki akatamani kitu.

Sihaba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia kwa homa iliyodhaniwa ndogo. Mbaruku hakulia. Wengine walisema ni uanaume, wengine wakasema ni imani, naye aliwaachia waseme. Ukweli ni kwamba hakuna kilichokuja. Alikuwa kama jino lililopigwa sindano ya ganzi: unaligusa, unajua lipo, lenyewe halisemi kitu. Alikula alichowekewa, akatengeneza alicholetewa, akalala. Bi Nyamizi, mama yake Sihaba, alihamia kwake kutoka Tabora kumlea mjukuu, Nusrat, mtoto wa miaka saba mwenye maneno mengi na alama nyeusi chini ya jicho la kushoto.

Picha pekee ya Sihaba anayetembea na kucheka ilikuwa mkanda wa harusi. Mkanda wenyewe ulikatika zamani, baada ya kunakiliwa kwa ndugu wa Tabora na wa Ujiji, na uliobaki ulikuwa nakala ya nakala. Fundi yeyote anajua kwamba kila nakala huacha kitu njiani. Uso wa Sihaba ulikuwa uji. Tena, kwa kuwa alilelewa akaleleka, bibi harusi yule aliinamisha macho tangu mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Kwa hiyo macho yake hayakuwepo popote duniani, ila kichwani mwa Mbaruku, na huko nako yalikuwa yanafifia.

Alijua kwamba mkanda mbaya kwenye televisheni nzuri huonekana mbaya zaidi. Aliujaribu hivyo hivyo. Uji ukawa mkubwa, basi. Akautoa mkanda, akawasha ile sahani isiyo na jina kuona ina nini, na ikaonyesha mwanga wa kijivu tu. Aliiacha izunguke akarudi kwenye redio ya mteja, mgongo ameugeuzia kioo. Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Mlango aliufunga kwa komeo na pazia akalishusha, maana jua la Mwanza linaua picha.

"Hodi," sauti ya mwanamke ilisema.

Mbaruku alikuwa ameshika waya kwa meno.

"Hodi hapa."

Sasa mtu wa kwetu akibishiwa hodi hasubiri kufikiri. Jibu hutoka lenyewe, kama goti linapogongwa. Mbaruku aliutema waya, akasema bila kugeuka, "Karibu. Pita ndani."

Komeo halikugusika. Pazia halikutikisika. Ila harufu iliingia dukani, harufu ya magugumaji yaliyooza ufukweni, ile ya tope na majani na samaki wadogo waliofia humo, ikapita nyuma yake polepole na kukaa mahali. Alipogeuka aliona kioo cha kijivu na kiti cha wateja. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea.

Kesho yake aliujaribu tena mkanda wa harusi, na aliona hina.

Mikono ya bibi harusi ilikuwa na hina, maua madogo hadi kwenye viungo vya vidole, na mkanda ule haukuwahi kuwa na maua. Mbaruku alisogea hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Siku iliyofuata zilionekana nyuzi za shela, moja moja. Baadaye likaonekana shimo la kipini puani, halafu jasho dogo juu ya mdomo, na kila alichokiona alikikumbuka palepale. Hakujiuliza sana. Mtu mwenye kiu haulizi kisima kilichimbwa na nani. Lakini aliona jambo moja ambalo harusini halikuwepo: Sihaba alikuwa anainua uso. Kidogo tu, kila siku kidogo. Kope zilizokuwa zimelala kabisa sasa zilikuwa zimeacha ufa.

Akaanza kufunga duka mapema. Wateja waligonga wakachoka.

Nyumbani, alama ya Nusrat chini ya jicho ilipotea. Mbaruku alidhani ni mwanga wa kibatari, kisha akadhani ni macho yake, ingawa macho hayo hayo yalisoma rangi za vipuri vidogo kuliko punje ya mtama. Baada ya alama zikafuata nyusi. Mwalimu akatuma salamu kuuliza mbona Nusrat haji shule, na Nusrat alikuwa ameenda kila siku.

"Baba," mtoto alimwambia wakila, "leo bibi ameniita mpaka nikachoka kuitika. Nilikuwa hapo hapo mbele yake."

"Bibi amezeeka," Mbaruku alisema, akamega ugali.

Shule ilitaka picha ndogo za wanafunzi. Nestory mpiga picha, aliyekuwa na studio hatua chache kutoka dukani, alimvuta Mbaruku pembeni na kuongea kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Fundi, nimempiga picha huyu mtoto mara nyingi, bure, kwa kuwa ni wako. Tazama. Sketi imetoka. Kifungo kimetoka. Ukuta wangu hadi ufa wake umetoka. Uso haukai."

"Alitikisika."

"Shingo haijatikisika, ukatikisika uso peke yake?" Nestory alimwachia picha mkononi. "Mpeleke mtoto kwa watu wanaojua mambo haya, ndugu yangu."

Mbaruku aliitazama ile picha. Juu ya kola nyeupe ya shule palikuwa na uji. Aliutambua palepale, maana aliwahi kuishi nao miezi mingi: ulikuwa uji wa mkanda wake wa harusi. Na hapo akaelewa, kwa akili ya kifundi, bila kushtuka. Katika kazi yake yote hakuwahi kuona nakala inayoizidi asili yake. Mistari haitoki hewani. Ikiongezeka huku, basi kuna mahali inang'olewa.

Ningependa kuwaambia kwamba alikimbia kwenda kuizima ile mashine. Hakukimbia. Alirudi dukani, akashusha pazia, akaketi, akawasha. Ufa wa kope ulikuwa umepanuka, na ndani yake paling'aa kitu chenye maji. Harufu ya magugumaji ilimkalia mabegani. Alijiambia kwamba mtoto atakua na uso wake utaota tena, kwa watoto kila kitu huota, ila kwa wafu hakuna kinachoota. Alijua ni uongo, akatulia nao.

Jioni ile, kabla ya taa kuwashwa, alikuwa ameketi uani na Bi Nyamizi akichambua mchele, na Nusrat akiwa juu ya mkeka akicheza na vizibo vya soda, ndipo Mbaruku aliposikia mluzi, ule mluzi mwembamba wa kioo kilichopata moto, akageuza kichwa kuelekea kwa jirani na kwa jirani hapakuwa na umeme, akageukia barabarani na barabara ilikuwa kimya, akaufuata kwa sikio kama alivyozoea, pole pole, kutoka ukutani hadi kwenye jiko, kutoka kwenye jiko hadi kwenye mkeka, mpaka hakukuwa tena na mahali pa kuufuata, kwa sababu ulikuwa unatoka kwa mtoto, mfululizo, bila pumzi, mstari baada ya mstari ukichomolewa, na mtoto mwenyewe akiendelea kupanga vizibo vyake na kuimba wimbo ambao Mbaruku aliona mikono ikiupigia makofi, lakini hakuona mdomo wa kuuimba.

Bi Nyamizi aliuweka ungo chini.

"Umesikia," alinong'ona. Hakuwa anauliza.

"Nimesikia, mama."

"Mimi siku hizi namtambua kwa kumpapasa. Nilimwita sheikh Lukman ukiwa kazini. Amesoma, ile harufu ya ziwa unayokuja nayo ikatoka, ikarudi kabla hajavaa viatu. Akaniambia, huyu hakuvunja mlango, kapewa ruhusa. Mwanangu, umefanya nini?"

Mbaruku alimweleza yote, hata ule uongo aliojiambia. Alieleza kama anavyoeleza ubovu wa redio. Bi Nyamizi alisikiliza machozi yakimtoka na hakuyafuta.

"Sihaba ni wangu kabla hajawa wako," alisema mwishowe. "Angekuwa hai angekupiga kofi. Kesho tunakwenda Igoma."

Mganga wa Igoma, Bi Kashindye, alikuwa akiuza mitumba mbele ya nyumba yake na kutibu nyuma yake. Walimkuta akimkaripia mteja juu ya koti. Hakuwa na muda wa maringo.

"Mwangaluka, baba," alisalimia kwa Kisukuma. "Keti. Mutoto mulete hapa." Alimshika Nusrat kichwa kwa mikono yote miwili, akakishika muda mrefu, akakunja uso. "Amebaki kidogo. Wewe, alibisha hodi?"

"Ndiyo, mama."

"Ukasema nini?"

"Karibu. Pita ndani."

"Eeh! Sasa mashehe wawe kumi watafanya nini? Mugeni uliyemukaribisha humufukuzi. Atakushitaki kwa wenzake, waje wote. Kitu kilichokaa kwenye maji ya ziwa kina mwenyewe, hukujua?"

"Sikujua."

"Mugeni anasindikizwa," Bi Kashindye alisema. "Kwa miguu, mpaka majini kwake, mukiongea vizuri. Na mugeni haondoki mikono mitupu. Huyu anakula sura. Ameanza ya mutoto kwa sababu wewe hukumupa nyingine. Mupe."

"Ya nani?"

Mganga alimtazama bila huruma na bila ubaya. "Ile anayokuonyesha. Yote. Ya kwenye mukanda, na iliyo humu." Alimgonga kwenye paji la uso. "Jina atakuachia. Kaburi atakuachia. Sura hutaiona tena hata ndotoni."

Mbaruku alingoja kuhisi kitu. Hakikuja, na hiyo ndiyo iliyomwogopesha kuliko mluzi: kwamba mtu angeweza kuwekewa mambo mawili kama hayo mbele yake akayapima kama nyanya.

"Mushike mutoto mukono huu," Bi Kashindye aliendelea, "na mugeni huu. Mukifika majini, achilia mumoja. Utakayemuachia ndiye anayekwenda. Mimi siji. Hii siyo kazi ya mutu mwingine."

Walitoka nyumbani alasiri. Mkanda na sahani alivitia kwenye kikapu cha ukindu akakibeba kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akamshika Nusrat. Bi Nyamizi alibaki mlangoni, maana mganga alimkataza, lakini aliweka kiganja mgongoni mwa mkwewe akasema, "Mimi nitamkumbuka kwa niaba yako. Nenda." Wakashuka kuelekea ziwani kupitia katikati ya watu, wauza mahindi, mafundi baiskeli, na kila aliyesalimia alimsalimia yeye peke yake, "Fundi, leo unatembea peke yako?"

Kila alipokanyaga, upande wa kushoto mtu mwingine alikanyaga pia, miguu mitupu, iliyolowa.

"Mbaruku," Sihaba alisema. Ilikuwa sauti yake hasa, hata ule mkwaruzo wa asubuhi. "Mbona haraka?"

"Nakusindikiza," alisema, kama alivyoelekezwa. "Jua lisikuchwee njiani."

"Nimeyainua sasa. Nitazame."

Alitazama mbele. "Wasalimie wa huko."

"Mara moja tu. Hukutaka kuyaona macho yangu?"

"Nilitaka," alisema.

Kikapu kilikuwa na joto. Mpini wake ulilainika ukawa vidole, vyenye pete upande ule ule, vikamkaza kidogo kama Sihaba alivyokuwa akimkaza wakivuka barabara, na kutoka kwenye vidole hivyo joto lilipanda mkononi, likaingia begani, likafika kifuani mahali ambapo kwa mwaka mzima hapakuwa na kitu. Upande wa kulia hakuhisi chochote. Wala uzito, wala jasho, wala kucha. Alifumba kiganja na hakuweza kuapa kwamba kimeshika mtu. Angeweza kuwa amebeba hewa, angeweza kuwa amemwacha mtoto kule kwa mafundi baiskeli, na mluzi ambao ulikuwa unamwambia yuko hapo ulikuwa umepungua, umepungua, na walipokanyaga magugumaji ya ufukweni na maji yakamfika vifundoni ulikatika.

Mbaruku alisimama. Upande mmoja alikuwa ameshika kila alichotaka, kinapumua. Upande mwingine alikuwa ameshika ganzi yake mwenyewe. Hakusikia mapenzi yakimwambia achague nini. Alijua tu, kama fundi anavyojua umeme upo kwenye waya bila kuugusa, kwamba alitoka nyumbani na mtoto.

"Safari njema, Sihaba," alisema, akaufungua mkono wa kushoto.

Hakukuwa na kishindo. Kitu kizito kilijishusha majini kama mtu anayeoga, magugumaji yakafunguka yakajifunga, na ile harufu ikabaki pale inapostahili kuwa. Kisha mtu akaanza kulia.

"Baba, unaniumiza! Baba, mkono!"

Aliulegeza. Vidole vya Nusrat vilikuwa vimepauka kwa kukazwa. Akachuchumaa ndani ya maji akamtazama, na zilikuwepo nyusi, na alama nyeusi, na mdomo uliopindwa na hasira. Mbaruku alilia hapo, kwa kelele, mtu mzima mbele ya wavuvi, na alipojaribu kumlilia mkewe kwa sura hakuipata. Alimlilia kwa jina.

Nyumbani Bi Nyamizi alikuwa amesimama palepale mlangoni. Alimpokea mjukuu, akamshika mashavu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Ni Sihaba mtupu," alisema. "Ya Rabi. Hakuna alichokosa. Tazama, baba Nusrat. Hata macho."

Mbaruku alikuja akatazama. Alimtazama mtoto kwa makini, paji, pua, macho, kama anavyoangalia mashine asiyowahi kuifungua.

"Kweli, mama?" aliuliza. "Alikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za mgeni wa mji mwingine.